ANAYEKINGA MAJI NDIYE AVUNE

Neno kwa waamini na viongozi wa walei mintarafu makingamaji, mawe na haki ya ardhi



Katika nchi yetu ya Sibwesa, na katika sehemu nyingi za Wilaya ya Tanganyika na Mkoa wa Katavi kwa jumla, mvua inanyesha. Hilo tulitamke mapema, kwa sababu uongo wa kwanza tunaopaswa kuung'oa ni ule usemao kwamba Mwenyezi Mungu ametunyima maji. Dodoma, ambako wastani wa mvua kwa mwaka ni chini ya milimita 600, watu wanalima na kuvuna. Sisi tunapata zaidi ya hapo. Mvua yetu huja kwa msimu mmoja, toka Novemba hadi Aprili, na huja kwa kishindo. Tunachokosa ni maji yaliyokubali kukaa. Yanashuka miteremkoni, yanapita juu ya mawe, yanachukua udongo mweusi wa juu, yanachonga makorongo, kisha yanakwenda zake. Maji yanayokimbia mlimani mwezi Januari ndiyo yaleyale tunayoyatafuta mtoni mwezi Septemba.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli. Lakini hawakusema kwamba hayazuiliki kabla ya kumwagika. Kazi ya kuyazuia ina majina mengi: makingamaji, mitaro ya kontua, fanya juu, fanya chini, kingo za mawe. Maafisa ugani wamekuwa wakiifundisha kwa miaka mingi, na mahubiri mengi yametolewa juu yake. Hata hivyo miteremko mingi imebaki wazi. Kwa nini? Wapo wanaojibu upesi: watu ni wavivu. Waraka huu umeandikwa kulipinga jibu hilo. Hoja yetu ni kwamba anayewahimiza maskini wachimbe makingamaji bila kuwapigania haki ya ardhi wanayoichimba anahubiri nusu ya ukweli; na nusu ya ukweli, maskini anapoitii, humgeuza kuwa mtumwa wa shamba la mwingine.

JIWE SI LAANA

Tuanze na kazi yenyewe, maana haki isiyojua kazi ni maneno matupu.

Wengi wetu huona shamba lenye mawe kuwa shamba lililolaaniwa, nasi humwachia mjane, mgeni au kijana asiye na baba wa kumtetea. Lakini jiwe ndilo zana ya kwanza ya kukinga maji. Huko Burkina Faso, katika nchi kame ya Yatenga, wakulima wamezirudisha shambani ardhi zilizokuwa zimekauka na kuwa ngumu kama sakafu, kwa kupanga mistari ya mawe kufuata usawa wa nchi na kwa kuchimba vishimo vidogo vilivyotiwa samadi. Hawakuwa na trekta. Walikuwa na mawe, jembe, na kipimo rahisi cha usawa.

Kipimo hicho kinaweza kutengenezwa na kila Jumuiya Ndogo Ndogo kwa asubuhi moja. Twaa miti miwili iliyonyooka, yenye urefu wa mita 2 hivi, uifunge pamoja juu. Funga mti wa tatu katikati, ili kipatikane kitu chenye umbo la herufi A. Toka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Kisimamishe kipimo chini, utie alama mahali uzi unapokata mti wa katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Toka hapo unatembea na kipimo chako kukata mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine, ukipigilia kigingi kila uzi unapoangukia alama ya katikati. Vigingi hivyo vitakuonyesha mstari ambao macho peke yake hayawezi kuuona. Mara nyingi mstari huo utapinda. Usiunyooshe! Mtaro ulionyooshwa kwa ajili ya kupendeza macho huyakusanya maji mahali pamoja na kuzaa korongo jipya.

Penye udongo wa kutosha, chimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo ukiutupa upande wa juu, hiyo ndiyo fanya juu, nao kwa miaka kadhaa utajitengeneza kuwa ngazi. Ukiutupa upande wa chini, ndiyo fanya chini. Penye mwamba karibu na uso wa nchi, usipambane na mwamba. Kwangua msingi wa sentimita 10 hadi 15, panga mawe makubwa upande wa chini na madogo upande wa juu, mpaka ukingo ufikie kimo cha sentimita 30 hivi. Ukingo wa namna hiyo hauyafungi maji kama ukuta wa bwawa. Huyapunguzia mbio, nayo yakipunguza mbio huuachia udongo waliokuwa wameubeba. Juu ya tuta panda mabingobingo, vetiva au mbaazi, ili mizizi ishikilie kazi ya mikono.

Kanuni mbili zisisahaulike. Ya kwanza: anza juu. Anayeanza chini wakati mlima wote uko wazi anajenga kinga itakayovunjwa na mvua kubwa ya kwanza. Ya pili: weka mahali pa kutokea maji ya ziada, penye majani au mawe, yasije yakajitafutia njia yenyewe. Ndiyo maana makingamaji hayawezi kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye bidii. Shamba langu linapokea maji ya shamba la jirani yangu. Mteremko mmoja ni jumuiya moja, tupende tusipende.

HESABU YA MAJI NA HESABU YA JASHO

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Basi mvua moja kubwa ya milimita 50 inamwaga juu ya ekari moja zaidi ya lita 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Tuseme theluthi moja tu ndiyo inayokimbia: hizo ni lita 67,000 hivi, ndoo zaidi ya 3,300, zinazotoroka katika ekari moja kwa mvua moja. Kina mama wanaobeba ndoo kichwani wakati wa kiangazi watuambie uzito wake.

Mitaro mitatu ya mita 60 kila mmoja, kwa vipimo tulivyovitaja, inachukua lita 64,800. Maana yake karibu maji yote yaliyokuwa yanatoroka yangebaki shambani, yakazama ardhini polepole, yakaunywesha mzizi wa muhindi wakati jua linapokaza, na mengine yakashuka mpaka kwenye chemchemi ya bondeni.

Lakini hesabu haijakwisha. Mitaro hiyo mitatu ni karibu mita za ujazo 65 za udongo na mawe. Ikiwa mtu katika udongo wa mawe anachimba mita moja ya ujazo kwa siku, ekari moja inamdai siku 65 za kazi. Akisaidiwa na mke na kijana wake, ni zaidi ya wiki tatu za familia nzima, katika miezi ambayo wangeweza kufanya vibarua na kupata fedha ya chumvi, sare za shule na dawa. Na mvua ya kwanza haimpi faida yote. Ngazi hukamilika kwa miaka. Rutuba hurudi kwa miaka.

Basi tuulize kwa unyofu: ni nani mwenye akili timamu atakayetoa siku 65 za mwili wake kwa shamba alilokodishiwa msimu mmoja? Tunamwita mvivu mtu ambaye kwa kweli amepiga hesabu kutushinda sisi tunaomhubiri.

FIMBO HAIKINGI MAJI

Wapo wenye jibu jingine: walazimishwe! Ipitishwe amri, asiyechimba atozwe faini. Jibu hili lina historia katika nchi yetu, nayo ni historia chungu.

Katika milima ya Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito na kwamba matuta yale yaliufukua udongo usio na rutuba na kuuzika ule mzuri. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa. Malalamiko ya aina hiyo, huko na katika sehemu nyingine za nchi, yaliwasogeza watu wengi karibu na TANU. Jembe lililoshikwa kwa hofu ya faini liliwekwa chini siku hofu ilipokwisha.

Baada ya Uhuru tulijaribu njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya. Ni haki kusema kwamba majani na miti vilirudi. Ni haki pia kusema kwamba ng'ombe waliofukuzwa hawakuyeyuka. Walikwenda kukanyaga ardhi ya watu wengine, na wenye mifugo ndio waliobeba gharama ya uponyaji ule. Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mradi wa HASHI ulichukua njia tofauti: ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho, na eneo kubwa sana likapona huku wenyeji wakibaki kuwa wenye mali.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Wilaya ya Machakos, katika miaka ya 1930, ilitajwa na maofisa wa kikoloni kuwa nchi iliyoharibika. Walijaribu kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kuipinga amri hiyo. Lakini miongo iliyofuata, watu haohao, wakiwa wameongezeka mara nyingi, waliifunika miteremko yao kwa fanya juu. Nini kilibadilika? Walikuwa na uhakika wa mashamba yao, walikuwa na soko la mazao yao, na walikuwa na vikundi vyao vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambavyo wanawake walikuwa nguzo yake. Ardhi ile ambayo fimbo ilishindwa kuiponya, iliponywa na mwenye nayo.

Na tusidhani ya kwamba elimu hii ililetwa na wageni. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro tangu enzi za mababu, mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ambayo hunywa mvua na kushika udongo. Hakuna bwana shamba wa kikoloni aliyewafundisha. Walijifunza kwa sababu mlima ulikuwa wao na wa watoto wao.

NANI ANACHIMBA, NANI ANAVUNA?

Hapa ndipo tume yetu inapopaswa kusema waziwazi, hata kama neno litawachoma baadhi yetu tunaoketi viti vya mbele kanisani.

Mkoa wetu umepokea watu wengi. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ya Mishamo mwaka 1978, kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi. Wengi wao walipewa uraia mwaka 2014. Wakulima na wafugaji wamehamia toka kaskazini. Kwa hiyo kukodisha mashamba kumekuwa jambo la kawaida: kwa msimu, kwa fedha au kwa magunia, kwa maneno ya mdomo. Na mara nyingi mambo huenda hivi. Mtu asiye na kitu anapewa kipande chenye mawe ambacho hakuna anayekitaka. Anaokota mawe, anayapanga, anachimba, anaweka samadi. Mwaka wa tatu shamba linatoa. Mwaka wa nne mwenye shamba anakumbuka kwamba ana mtoto wa kumrithisha, au amepata mpangaji mwenye fedha zaidi. Mgeni anaambiwa asante, aende kwenye mawe mengine.

Ndugu zangu, hiyo si biashara. Huo ni wizi wa jasho. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha ya kwamba mtu anayeibadili ardhi kwa kazi yake anaweka ndani yake sehemu ya nafsi yake, na kwamba si haki mwingine aje kufurahia kile ambacho yule amekitolea jasho. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Basi anayetaka kuusikia mteremko ukilia na asimsikie mpangaji akilia, ana sikio moja tu.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, Isaka anachimba visima, na kila anapofikia maji wanatokea wachungaji wa Gerari wakisema maji ni yao. Anaacha kimoja, anaacha cha pili, na cha tatu tu ndicho anachoachiwa kwa amani. Ni wangapi kati yetu wako kisima cha pili? Na shamba la Naboti lilipopendeza macho ya mwenye nguvu, mwenye shamba aliuawa kwa hukumu iliyovikwa vazi la sheria.

Si mambo ya kale tu. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Yatenga aliyejulikana duniani kwa vishimo vyake na kwa msitu alioukuza penye nchi iliyokufa, alipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2018. Lakini kabla ya hapo, mji wa Ouahigouya ulipopanuka, sehemu ya ardhi aliyoiponya ilipimwa na kugawanywa viwanja. Kabla hajaigusa, hakuna aliyeitaka. Alipoiponya, wenyewe walionekana wengi. Alifariki mwaka 2023. Sisi tusingoje kumsifu mtu wa namna hiyo katika mazishi. Tumlinde akiwa hai.

Hali kadhalika tuwatazame wanawake. Nani huokota mawe? Nani hubeba samadi? Na mume akifariki, mara ngapi tumeona ndugu wa marehemu wakigawana shamba lenye ngazi ambazo mjane amezijenga kwa mikono yake? Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Je, katika kijiji chako wapo? Na kama wapo, huwa wanasema, au huitwa kutia sahihi tu?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Atasema mmoja: Padre, ardhi bado ipo, tutafyeka msitu mpya. Tunamjibu: msitu huo si mtupu wala si wa bure. Ni hifadhi, au ni wa kijiji jirani, au ndio unaoshika chemchemi unayoinywa. Mto Katuma unapopungua wakati wa kiangazi, viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husongamana kwenye matope. Yampatayo kiboko leo yatampata ng'ombe kesho, na mtoto keshokutwa. Tena vijiji vya wilaya yetu vinavyopakana na Milima ya Ntakata vimepata fedha za hewa ukaa kwa kuuacha msitu usimame. Anayehama kila udongo unapochoka anawaachia watoto wake ramani isiyo na mahali pa kwenda.

Atasema wa pili: tungoje mradi. Tunamjibu: mradi una siku ya kuanza na siku ya kufunga, mvua haina. Tuliokaa karibu na Karema tunalo kumbukumbu la Adrian Atiman, katekista na mganga, aliyezaliwa kando ya Mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akafika Karema, akawahudumia watu wetu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakungoja posho ya semina. Alikaa, akatumikia.

Atasema wa tatu, na huyu tumsikilize kwa heshima: mwenye shamba naye ana haki, wengine wanaokodisha ni wazee na wajane wasio na kingine. Ni kweli. Ndiyo maana hatudai kwamba mpangaji anyakue shamba. Tunadai mapatano ya haki. Mapatano yaliyoandikwa humlinda pia bibi kizee, asije akaambiwa siku moja kwamba shamba si lake tena. Asiyependa mapatano yaandikwe ni yule tu aliyekusudia kuyavunja.

Atasema wa nne: mambo haya ni ya serikali, Kanisa lishughulike na roho. Tunamjibu kwa habari ya nabii Elisha, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3. Wafalme watatu waliishiwa maji jangwani, wao na wanyama wao. Nabii hakuwapa sala peke yake. Aliagiza bonde lichimbwe mitaro, wakati hapakuwa na upepo wala mvua. Asubuhi maji yakaja yakaijaza. Imani ya watu wale ilikuwa katika kuchimba kabla ya mvua. Lakini angalieni: waliochimba ndio waliokunywa.

TUTENDE NINI?

Kwanza, kila halmashauri ya walei katika vigango ipendekeze kwa serikali ya kijiji mfano mmoja wa mapatano ya ukodishaji wa shamba: yaandikwe, yashuhudiwe na uongozi wa kijiji, yabebe jina la mume na la mke. Sisi tunapendekeza kwamba anayejenga makingamaji asiondolewe kabla ya misimu mitano. Na akiondolewa mapema, alipwe siku zake za kazi kwa kiwango cha kibarua cha mahali pale. Kuvunja neno hilo kuwe na gharama.

Pili, waamini wenye mashamba yao wasaidiane kupata Hati za Hakimiliki za Kimila, na majina ya wake yasiachwe nje. WAWATA walichukue jambo hili kama kazi yao ya mwaka, nasi tuwaunge mkono.

Tatu, wenye mifugo waitwe kwenye mkutano kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa. Ng'ombe mmoja anaweza kuvunja kwa dakika moja ukingo wa siku nzima; lakini mfugaji aliyeonyeshwa njia ya kupitisha mifugo, na kuahidiwa sehemu ya majani yatakayoota juu ya matuta, atakuwa mlinzi wake. Tusimwite mtu adui kwa sababu ya kabila lake, kisha tushangae anapokosa kuyaheshimu matuta yetu.

Nne, kazi ianze juu ya mteremko na kushuka kwa zamu, shamba la mjane likiwekwa miongoni mwa ya kwanza. Vijana wa VIWAWA wajifunze kipimo cha herufi A na kuwapimia watu wote, Wakristo na Waislamu na wasio na dini, maana maji hayaulizi mtu amebatizwa wapi.

Tano, palipo na shamba la parokia au la kigango kwenye mteremko, liwe la kwanza kukingwa, na wanaolilima wapewe mapatano yaleyale tunayowadai wengine.

Wapendwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi ufa wetu una njia mbili, mmoja wa udongo na mmoja wa haki. Ukiziba wa udongo ukauacha wa haki, mtaro utajaa tope baada ya miaka miwili, kwa kuwa aliyeuchimba amefukuzwa na aliyeurithi hajui kilichomgharimu. Ziba yote miwili, nayo mawe ya Sibwesa yatashika maji na watu pamoja.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu, nani wanalima mashamba yenye mawe na miteremko? Ardhi hiyo ni ya nani?
2. Je, tunamjua mtu aliyetengeneza shamba kisha akanyang'anywa? Jumuiya ilifanya nini?
3. Mjumbe gani mwanamke yumo katika Baraza letu la Ardhi la Kijiji, na tunamsaidiaje?
4. Mteremko upi tutaanza nao kabla ya Novemba, na nani watatia sahihi mapatano?